Meza ya Tisa

Barua ilifika Tartu Jumanne, theluji ikiwa rojorojo barabarani,
kutoka Hamburg, karatasi nene, muhuri wa bluu.
Mjomba Aavo aliisoma wima, koti hajavua:
"Mteja wetu ndiye mmiliki wa alama ya biashara Virmal.
Wewe umeliweka jina hilo katika anwani ya tovuti yako.
Una siku kumi na nne."

Virmal!
Redio ya mbao yenye jicho la kijani,
jina walilolikata kutoka kwenye mianga ya anga letu la kaskazini,
mianga ambayo hakuna aliyewahi kuilipia.
Kiwanda kilifungwa mwaka ule rubli zilipokuwa karatasi za kuwashia jiko.
Mitambo iliuzwa kwa kilo.
Madirisha yalivunjwa na watoto, nami nikiwa mmoja wao.
Jina likalala chini miaka ishirini,
asiiname mtu kuliokota
ila yeye.
Akalipangusa, akalipa pa kukaa:
michoro ya saketi mia tatu na sita,
namna ya kufungua kifuniko bila kupasua kioo,
na usiku wa manane kumjibu mtu wa Vilnius
ambaye redio ya marehemu baba yake inakoroma.
Hauzi kitu. Hata tangazo la sabuni hakuna.
Ada ya anwani hutoka kwenye pensheni ya ufundi bomba.

Kisha mwenye fedha akanunua jina tupu, jina bila redio,
akalibandika kwenye vipokea sauti vya plastiki.
Na sheria, nimeisoma, ina hoja yake:
mnunuzi asije akapotea njia
akadhani mzee wa Tartu ana duka.
(Auze nini? Kikohozi?)

Nikamwambia, tupambane. Wapo walioshinda.
Ongeza neno "wapenzi", andika juu kabisa kwamba wewe si wao.
Alinitazama kama anayetazama valvu iliyoungua.
Akafungua kabati la chini, akatoa aproni ya mama yake,
bibi yangu Salme, mlehemu, meza ya tisa:
imetoboka kwa cheche, na kifuani, kwa uzi mwekundu,
lile jina.
"Na hii nayo niifumue?"

Siku ya kumi na tatu akabadili anwani.
Sasa ni Meza ya Tisa.
Miezi ilipita bila mgeni. Mtu wa Vilnius alidhani amekufa.

Ngoja, haijaisha.
Vuli ilileta barua nyingine, Hamburg ileile, karatasi nyepesi zaidi.
Wanaadhimisha miaka sabini ya jina,
wanataka kuiunda upya ile ya jicho la kijani,
na michoro hawana: walinunua jina, hawakununua kabati.
Je, bwana angekuwa radhi?

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Waombe elfu kumi, nikasema,
waombe anwani yako!
Mjomba alichemsha kahawa, akanywa, akasuuza kikombe.
Akatoa nakala safi ya mchoro, waya kwa waya, bure,
akachukua wembe,
na kwenye kona ya chini, pale jina lilipoandikwa,
akakata tundu la mraba
linalopitisha kidole.
Pembeni akaandika kwa penseli:
"Kipande hiki ni mali yenu.
Sikuthubutu kukinakili."