Gego la Fundi

Usiku wa tatu nang'ata karafuu
hadi mate yananukia pilau ya harusi nisiyoalikwa.
Aikande kageukia ukutani, kasema gizani,
"Mficha maradhi, baba Elirehema…"
akaniachia nimalizie mwenyewe.

Sikumalizia. Namalizia nini,
mtu mwenye shavu kama andazi?

Mimi ni seremala, Pasua nzima wananijua.
Randa imekula kucha zangu mbili,
msumeno umenionja kiganja, nikakifunga tambara
nikamaliza kabati la watu kabla jua halijazama.
Damu yangu siiogopi.
Naogopa kile kiti.
Naogopa kulazwa chali kama maiti anayesikia,
mdomo wazi, maneno yamenikimbia,
na mtu aliyeficha uso ananiuliza, "Unajisikiaje?"

Asubuhi mlima umefunguka wote.
Kibo, gego zima, jeupe, halijui sukari.
Mawenzi pembeni, yale mabaki:
bibi alisema alipigwa mchi na Kibo
kwa kuomba moto kila siku.
Nikasimama nikamtazama Mawenzi kwa muda.
Miaka yote hiyo na mapengo yake,
na mvua bado inamnyeshea.

Nilipofika mnara wa saa nikakumbuka skrubu.
Sikuhitaji skrubu.
Nikanunua robo kilo, nikarudi njia ileile,
nikaupita mlango wa kliniki kama mdaiwa apitavyo duka,
macho chini, hatua ndefu.
Mara ya pili nikasoma bei za vocha ukutani, zote.
Mara ya tatu mlinzi akasema, "Mzee, ni hapahapa."
Alikuwa na pengo mbele. Alicheka nalo.

Ndani, feni inalalamika, spiriti inanichoma pua.
Kijana katoka na pamba mdomoni,
akanipungia mkono kama aliyeshapanda basi la Dar.
Nikaingiza mkono mfukoni, nikahesabu skrubu.
Kwenye kumi na tisa nikapotea. Nikaanza tena.
Jina langu likaitwa nikiwa kumi na nne.

Daktari Ndekirwa ni rika la mwanangu wa kwanza.
Nikautazama mkono wake, mwembamba,
nikasema moyoni: huu haung'oi hata msumari wa inchi moja.
Akadunga sindano, akasubiri, akaniuliza kazi.
Nikamwambia, ulimi umeshakuwa mzito,
ganzi inapanda taratibu kama baridi ya Julai.
"Basi nifundishe," akasema. "Msumari ulioshika kutu
ndani ya mninga, unautoaje?"

Nikasahau kuogopa.
Usivute, nikamwambia. Ukivuta unakata kichwa,
na kinachobaki ndani kina kiburi kuliko kilichotoka.
Kwanza utikise. Kushoto kidogo. Kulia kidogo.
Upumzishe.
Mbao yenyewe itauachia.

"Sawa, fundi," akasema, akainama.

Sikusikia maumivu. Nilisikia kazi.
Kushoto kidogo.
Kulia kidogo.
Akapumzisha.
Halafu mlio ule, naujua, wa mninga unapokubali.
Ngumi yangu ilikuwa bado na skrubu tatu,
zimenichora mistari kiganjani,
na chozi moja lilishaniingia sikioni. Silikatai.

Lilikuwa limelala kwenye kisahani cha bati,
mizizi imekunjwa kama miguu ya mtu aliyegoma.
"Jino la akili hilo," akasema.
Akili gani, lililojibanza nyuma ya wenzake
miaka ishirini na mbili, lisitafune hata hindi?

Jioni, uji uliopoa. Aikande ananikataza kusema
na yeye mwenyewe ndiye anayeuliza.
Ulimi unakwenda kule, unarudi, unakwenda tena,
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyehama.
Jino la pembe si dawa ya pengo, nalijua hilo.
Wala sitafuti dawa.
Keshokutwa nina kitanda cha watu, sita kwa sita,
na skrubu robo kilo,
pungufu tatu.