Mashine Inayojua Kugoma

Mwanangu Idarusi, miaka saba, pengo la meno mawili,
aliliosha gari langu kwa upendo na stilwaya ya sufuria.
"Mama, nimesugua mpaka nzi akitua atateleza."
Nilimshukuru. Nikaingia chooni, nikakomea mlango,
nikalia, bomba likinisaidia kwa sauti yake.

Gari lenyewe jeusi. Hapa Sunderland jua haliji kutoa ushahidi;
wiki nzima mawingu yalinisitiri.
Lakini usiku, chini ya taa za kituo cha petroli,
boneti ikafunguka utando wa buibui,
duara ndani ya duara,
na katika kila duara, mkono mdogo uliojitahidi.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi, nimekwisha kulia.
Jumamosi nikaenda dukani, upande wa pili wa daraja,
na pauni mia na kumi za zamu za usiku
zilizokuwa zimeposwa na zulia.

Callum wa kaunta akazipanga mashine mezani
kama mchinjaji apangavyo visu.
Akaanza na ile nzito, izungukayo tu, mhimili mmoja,
yenye mlio wa mtu aliyeudhiwa asubuhi.
"Hii haina mzaha. Iache mahali pamoja kidogo tu,
rangi inaungua, unaliona bati likikutazama."
Nikarudisha mkono mfukoni.
Nimeishi na mwanamume wa namna hiyo,
akishika jambo anazunguka palepale mpaka paungue.
Siongezi mwingine, tena wa umeme.

Ya pili ilizunguka huku ikiyumba,
kama chekeche mikononi mwa mwenye haraka na unga.
"Ikandamize kwa nguvu," Callum akasema.
Nikaikandamiza juu ya mlango chakavu wa majaribio.
Mota ikanung'unika. Sponji ikasimama tuli.
"Umeona? Ukiilazimisha, inagoma."

Naapa, sijawahi kununua kitu kwa sababu kinagoma.

Nikauliza na mengine, kuuliza si ujinga:
inaanza taratibu, au inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa?
Waya wake unafika buti bila kuomba msaada?
Mkono wangu utaibeba saa mbili, baada ya zamu?
Akanionyesha nyingine, iyumbayo milimita ishirini na moja,
kazi yake chapuchapu. Nikamwambia hiyo ya mwakani;
nipe ya milimita nane, ya mtu anayetetemeka.
Pedi za inchi tano. Sponji laini.
Pauni tisini na nne. Zulia likavunjiwa uchumba.

Jirani yangu Doreen, aliyepaka magari rangi kiwandani miaka kumi na tisa,
akanitolea bandani boneti mbovu, yenye kutu pembeni.
"Haribu hii kwanza," akasema, akarudi kwenye chai yake.
Nikaiharibu jioni tatu.
Ya nne, haikuharibika.

Ndipo nikalikabili langu. Matone manne ya dawa, kila moja punje ya choroko,
mwendo wa nne, mkono mlegevu,
mstari juu ya mstari, kama anayepiga deki nyumba ya watu.
Utando ukayeyuka. Shakwe akapita ndani ya boneti,
na matofali ya nyumba ya Doreen, na mimi, nimechoka, nimenyooka.

Ulipofika mlango wa dereva, Doreen akaweka kipimo chake,
akakitazama mara mbili. "Hapa rangi imebaki utando wa kitunguu. Usiguse."
Nikainama. Pale stilwaya ilikuwa imekita zaidi,
si duara tena. Herufi:
MAM.

Sijui kama alichoka kabla ya herufi ya mwisho,
au ameandika tu kama watoto wa huku wanavyowaita mama zao.
Doreen aliisoma bila kukwama.
Nami, mashine ikinguruma mkononi, nilisoma mara ya pili,
nikatafuta swichi kwa kidole gumba.