Mita Ishirini

Barua kutoka Swansea ililala mezani siku tisa
chini ya kopo la chumvi.
Baba aliizunguka kama paka anavyozunguka dimbwi.
Februari anatimiza sabini.
Serikali haikumpa hongera wala pole,
ilimuuliza tu: bado unaona?

Siku ya kumi akageuza bahasha, akaandika mgongoni
kwa kalamu ile ya kujazia chemshabongo:

*Leseni yangu ni haki, nimeipata kwa jasho,*
*Sinyang'anywi, sitishiki, kwa barua za vitisho,*
*Macho yangu hayachoki, naona mpaka mwisho,*
*Nitaendesha daima, hadi siku ya kiyama.*

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka,
maana mimi ndiye niliyeiona Micra Jumapili,
kioo cha pembeni kikining'inia kwa waya mmoja
na rangi nyeupe ya mtu mwingine imeganda mlangoni.
"Nguzo," alisema.
Nguzo zetu hapa Evington ni za kijani.

Tukatoka nje, kwenye manyunyu.
Nikahesabu hatua ishirini na mbili
kutoka kwenye gari la Bibi Doreen.
"Haya, soma namba."
Akaikazia macho kama mtu anayeidai.
Akasoma B. Ilikuwa nane.
Akasoma O. Ilikuwa D.
"Gari lenyewe chafu," akasema.
Kule dirishani Doreen akafunga pazia kwa adabu.

Hapo ndipo alipofunguka, katikati ya lami, kofia mkononi:
"Miaka thelathini na mmoja nimeendesha basi la jiji hili.
Nimepeleka wajawazito hospitali,
nikawarudisha na vichanga vyao.
Theluji ilipofika magotini
na madereva wenzangu wakapiga simu kwamba wanaumwa,
nani alinitajia fadhila?
Fadhila hupewa mgeni, Mwanaidi.
Mimi hapa ni mgeni mpaka lini?"

Sikuwa na jibu la hilo. Bado sina.

Nilichokuwa nacho ni saa tisa na nusu,
geti la shule mwisho wa mtaa linapofunguliwa
na watoto wanamwagika, mabegi makubwa kuliko migongo,
mmoja daima anarudi mbio kuokota glavu.
Hakuna aliyewahi kumdai yule leseni ya kuvuka.
Kama mtaa huu una haki, nadhani ni ile,
ya miguu, ya glavu moja.

Lakini sikusema.
Wiki ile ile kamera ilikuwa imeninasa
maili thelathini na nane penye thelathini.
Nilikalishwa darasani saa mbili na nusu
na watu wenye aibu kama yangu.
Mwalimu akauliza, nani humu ni dereva mzuri?
Tukanyoosha mikono, sote.

Jioni niliikuta bahasha jikoni.
Neno *haki* amelikata kwa mstari.
Juu yake ameandika *dhima*, akalikata: kina kimekufa.
Akaandika *amana*, akalikata:
kina hakipo, na mizani imezidi.
Pembeni kuna vidoti vinane vya kalamu,
alikuwa akihesabu.
Pengo limebaki wazi, silabi mbili,
na funguo za Micra amezilaza juu yake
kama mtu anayeziba tundu la panya.

Siku hizi tunapanda basi. Kitambulisho chake hakilipi nauli.
Huchagua kiti nyuma ya dereva, binti mdogo wa Kipolandi,
na kila tukikaribia kituo
mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu, taratibu,
mapema kuliko wa yule binti.
"Amechelewa," ananinong'oneza.
Jana, penye kivuko cha shule,
nilitazama chini nikaona
na wangu umekanyaga.