Kabla ya Chumvi

Oktoba, mjini Kemi, kaskazini ya Ufini.
Hita ya umeme inakoroma tangu alfajiri
na kipimajoto ukutani kimegoma kwenye tisa.
"Kumi na tano," asema Mjomba Ensio. "Chini ya hapo
dawa haishiki. Ni sawa na kumpaka samaki poda."
Basi tunangoja, tumekalia ndoo zilizopinduliwa, kahawa mkononi,
na Volvo ya kijani iko kati yetu, imelowa,
kama mtoto aliyetolewa beseni akaambiwa asubiri taulo.

Gari hili ni langu tangu Agosti,
tangu daktari alipomnyang'anya Mjomba leseni
akamwachia miwani isiyosaidia kitu.
Katikati ya kila anachokitazama pana doa, anasema,
la ukubwa wa sarafu. Pembeni anaona vizuri tu.
Mimi ananiona masikio.

Miaka ishirini na sita aliendesha lori la manispaa,
lile la kumwaga chumvi barabarani watu wakiwa wamelala.
"Kila kutu ya mji huu," hujisifu, "ina saini yangu."
Mkewe Hilkka, aliyezika magari matatu,
hakucheka hata siku moja.

Kumi na mbili. Avaa mkononi mfuko mwembamba wa plastiki,
ule wa kufungia mkate,
apapasa boneti polepole, uso ameuinua darini.
Plastiki husikia, anasema, kisichosikiwa na ngozi.
"Lami hapa. Hapa utomvu. Hapa...
hapa nilimgonga kunguru, mwaka ule wa theluji ya Mei."
Mimi naona kijani tu.
Nasugua anaponionyesha, kwa donge la udongo laini
na maji ya sabuni, mpaka donge linaacha kukwaruza
na kuanza kuteleza kimyakimya.

Kumi na tano.
Chupa yenyewe ni ndogo kuliko ya dawa ya kikohozi
na bei yake sitamwambia mama.
Matone manne juu ya sponji. Kwenda, kurudi,
kisha kukatiza, kama anayesuka mkeka.
Hapa sasa ndipo ananihitaji:
dawa ikianza kukauka hutoa rangi za upinde wa mvua,
kitambo kidogo tu. Ukifuta mapema umeiondoa yote,
ukichelewa imeganda, na kuibandua ni kazi ya mashine.

"Umetoka?"
"Bado."
"Umetoka?"
"Bado, Mjomba. Sasa!"
Na kitambaa chake kinashuka palepale.
Paa, milango, tukawa mtu mmoja
mwenye maneno mawili kinywani.

Sikumwambia kwamba upinde ule ni mzuri.
Zambarau, kisha kijani juu ya kijani, kisha dhahabu
kama mafuta kwenye dimbwi la kituo cha petroli.
Aliuliza tu kama umetoka, hakuuliza ukoje.
Tulipofika mlango wa nne nikaanza kumweleza, bila kuulizwa,
na hakunikatiza.

Usiku huo hakuna aliyeruhusiwa kufungua gereji.
Hata pumzi, alisema, ina unyevu.
Asubuhi theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka;
lori likapita nje, naye akatega sikio:
"Huyo anamwaga nyingi mno."
Kisha akaizunguka Volvo, mfuko wa mkate mkononi,
akasimama penye mlango wa nne.
"Hapa," akasema. "Hapa ulikuwa unaongea."
Kweli. Doa lililoganda, kubwa kama ukucha,
upinde umo ndani bado.
"Mashine iko kabatini. Dakika mbili tu."
Nikamwambia nitalitoa Jumapili.

Ni Machi sasa. Nimekwenda Rovaniemi na kurudi mara kumi na moja,
tope la chumvi linateleza ubavuni na kudondoka lenyewe.
Jumapili zimepita, sikumbuki ngapi.
Nikiegesha kwake hutoka na soksi, bila viatu, barazani,
na kabla ya kunisalimu
kidole chake huenda pale.