Pindo

Mimi ni fundi cherehani mjini Rize, mkabala na kiwanda cha chai,
na kwa miaka ishirini suruali za mdogo wangu
nimezikunja mimi.
Sikuzikata. Nilizikunja kwa ndani, sentimita saba,
nikashona kwa mkono ili uzi usionekane,
kwa sababu Rüstem hakutaka hata kitambaa kijue.

Kwenye harusi ya binamu yetu Sevgül
mpigapicha alimletea kreti la soda apande.
Watu wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote.
Nilikuwa karibu naye, nikakisikia kicheko kile
kikikwaruza kama mkasi wenye kutu.

Mwezi wa tatu tukauza shamba la mteremkoni,
lile ambalo mama alilichuma akiwa na mimba yake,
tukapanda basi la usiku hadi Istanbul.
Daktari alikuwa mpole. Alituchorea kwa kalamu:
hapa tunaukata mfupa, hapa tunatia chuma,
kisha mfupa, sijui kwa ujinga au kwa uaminifu,
utakimbilia kuziba pengo,
nasi kila siku tutaliongeza pengo.
Milimita moja kwa siku.
Ufundi wangu wote una kanuni moja,
pima mara mbili, kata mara moja,
nami pale nilikuwa sijapima hata mara moja.

Chumba tulichopanga kilikuwa juu ya duka la mazulia.
Mara nne kwa siku nilishika spana ndogo
nikazungusha, robo ya milimita, robo ya milimita,
yeye akiuma taulo.
Mfupa ulikubali. Nyama haikukubali.
Misuli ilikazana kama uzi uliovutwa hadi kitambaa kikajikunyata,
visigino vikapanda, vikakataa kugusa sakafu,
na usiku matundu ya pini yalimwasha.
Mtu hujikuna ajipatapo.
Rüstem hakujipata: miguu ilikuwa imeshaanza safari,
mikono imebaki nyumbani.
Nilimkuna mimi, kwa ncha ya kidole, pembeni mwa bandeji.

Wiki ya tisa ikaja homa, kisha usaha.
Pesa za shamba zilikwisha Jumanne;
Alhamisi nikauza bangili.
Siku hiyo aliniambia, uso umeuelekea ukuta,
"Dada, wanaweza kunirudishia?"
Sikujua anauliza shamba au miguu.
Sikumwuliza. Nilizungusha robo yangu.

Sasa ni mwaka wa pili.
Ana mita moja na sentimita sitini na nane.
Hupanda ngazi kwa mguu wa kulia,
wa kushoto akiuvuta nyuma kama mtoto asiyetaka shule.
Hachezi tena horon, ngoma yetu
ya kushikana mikono na kutikisa mabega,
yeye aliyekuwa wa kwanza mstarini, mwepesi kama cheche,
na hapo hakuna aliyewahi kumletea kreti.
Akiulizwa, husema hajuti.
Husema upesi, kabla swali halijakwisha.
Wala siwezi kusema anadanganya:
nimemwona akinunua mkate, akimtazama muuzaji
macho kwa macho, akichelewa kupokea chenji
ili tu aendelee kutazama.
Hilo nalo ni bei gani?
Mizani ya chai naijua, kilo ni kilo.
Hii sina mawe yake.

Jana ameniletea suruali ya kijivu, ya zamani.
"Fungua pindo."
Nikakata uzi wangu mwenyewe, mshono kwa mshono,
nikakishusha kitambaa hadi chini.
Urefu umetosha. Umetosha kabisa.
Lakini ile sehemu iliyofichwa ndani haijawahi kuona jua,
ni nyeusi, mpya, kama ya suruali ya mtu mwingine,
na pale ilipokunjwa pana mstari.
Nimeulowesha kwa siki. Nimeupiga pasi mara tatu.
Yuko sebuleni, amesimama, anasubiri,
namsikia akihamisha uzito,
mguu huu,
mguu huu.