Maegesho Salama

Neno hili niliandika mwenyewe,
kwa kidole gumba, nimekaa jikoni,
Machi ile niliyomaliza kupaka rangi:
vyumba viwili, maji ya moto, ziwa linaonekana
(ukisimama bafuni),
maegesho salama.

Sasa ni saa kumi na mbili kasorobo,
Isamilo, ukungu bado umeshika mawe,
na Bwana Rweikiza amesimama kando ya gari lake,
kandambili mguuni, mswaki mdomoni,
hautoi, hasemi.
Kioo kidogo cha nyuma, kile cha pembetatu,
kimekuwa punje, kama chumvi ya mawe,
juu ya kiti alichokilalia mama yake
walipotoka Muleba kuja Bugando.

"Wamechukua nini?"
Nimeuliza kama karani.
Mkoba. Mweusi, wa kompyuta.
Ndani hamkuwa na kompyuta.
Mlikuwa na picha za mifupa ya mama,
miaka minne ya picha, za kifua na za nyonga,
na kanga moja.

Lushinge mlinzi anaapa hakusinzia.
Anaapa kwa mama yake, kisha kwa wangu.
Alisikia mlio, anasema, kama chupa,
akadhani pimbi wameangusha kitu majabalini.
Nikafungua kamera, ile niliyoilipia miezi mitatu:
usiku kucha pimbi,
pimbi anapanda, pimbi anashuka,
pimbi ananitazama moja kwa moja machoni
kama shahidi aliyehongwa.
Gari halimo. Kamera niliielekeza langoni,
na mwizi alipita juu ya mawe,
njia ambayo kwenye tangazo
nimeiita mandhari.

Nilifagia. Hilo ndilo nililoliweza kwanza.
Nikamrudishia pesa ya usiku, akaikataa,
nikaiweka chini ya kisahani cha chai,
akanywa chai.
Kituoni afande aliandika:
begi moja, halina kitu cha thamani.
Rweikiza akasema, andika kina thamani.
"Shilingi ngapi?"
Nikamwona mgeni wangu
anatafuta tarakimu kwenye dari.

Mchana nikaenda kwa fundi, Mabatini.
Kioo cha IST kipo? Kipo, mama, kisiwepo kwa nini.
Elfu arobaini na tano. Nikaomba punguzo, nikapewa,
nikashukuru.
Gundi ikakauka juani, nikapangusa vidole vyangu,
nikajiona mwenyeji hodari.

Ni Bi Kokugonza aliyeona,
jioni, akirudi toka wodini amejilaza palepale,
shavu karibu na kioo.
Akapitisha ukucha.
"Namba hii ya nani?"
T. Tatu. Kisha mikwaruzo ya mtu mwenye haraka,
na mwishoni D, nzima, imechongwa vizuri
na mtu aliyedhani kuchonga kunatosha.

Mahali fulani, Nyegezi labda, au Buswelu,
mwenye D naye alifagia punje.
Mimi nimeununua usiku wake
kwa elfu arobaini.

Hakuna aliyesema kitu.
Lushinge akaenda kufunga lango
lililokwisha kufungwa.

Wameondoka leo alfajiri.
Mashuka wamekunja wao. Pesa ipo chini ya kisahani,
imeloa duara.
Nimefungua simu, nimefuta "salama".
Likabaki "maegesho", peke yake, kama mtu asiye na shati.
Nikajaribu: maegesho, usiache kitu ndani.
Nikajaribu: maegesho, mlinzi yupo.
Nikamtazama mlinzi.
Nikafuta.

Saa nane ujumbe ukaingia kutoka Muleba.
Maneno mawili tu: Tumefika salama.
Amelitoa bure, bila kulifikiria,
neno lilelile ambalo mimi, kwa usiku mmoja,
nilikuwa nikilitoza elfu sabini.