Ukurasa wa Samaki

Katika daftari la watumia maji wa Narunyu
kuna ukurasa wa saruji, wa posho, wa kufuli la lango,
na mmoja wa faini za wanaofungulia maji usiku
(jina la shemeji yangu limo mara tatu).
Samaki hawakuwa na ukurasa.

Mwaka juzi akaja ofisa wa bonde, buti hadi magotini,
akasimama juu ya banio, pale tulipoikaba Lukuledi,
akasema: apandaye hapa hukuta ukuta;
ashukaye hufuata maji,
na maji mmeyafundisha kwenda majarubani.

Tulijua. Nani asiyejua?
Lango likifungwa mwezi wa sita, jua huunywa mfereji,
na ningu, perege, kambare wachanga
hubaki wakipiga makofi topeni.
Nimelelewa na makofi hayo.
Mama alituamsha kabla ya kunguru,
mimi na Sikujua, na kapu lenye tundu pembeni,
tukaokota kitoweo kisichodaiwa na mtu.
Hatukukiita kifo.
Tulikiita mavuno ya pili.

Kikao kikaitwa ghalani.
Barua ya mfadhili ikasomwa mara mbili, kwa sababu ya mvua juu ya bati:
theluthi mbili yeye, theluthi moja sisi,
yaani ndoo ya mpunga kwa kila robo heka.
Ngazi ya mawe ya kupandia. Chekeche la chuma la kuzuia.
Nandonde akainuka, kofia mkononi:
"Ngazi? Kwani samaki ana miguu?"
Ghala zima likacheka.
"Na ada je, analipa? Kadi ya uanachama anayo?"
Bi Somoe, mwenye majaruba mawili na wajukuu watano,
hakucheka. Aliuliza tu:
"Na kitoweo cha mwezi wa sita, kimeandikwa wapi?"

Nikapekua. Nikapekua tena, watu wakinitazama.
Hakikuandikwa popote.
Miaka yote tumekula nje ya daftari.

Basi nikainuka mimi, mtunza hazina, ambaye kazi yangu ni kukaa.
Sikuhutubu. Nilisoma hesabu iliyokuwa kichwani:
kapu la mama, lilibebwa na watu wawili;
ndoo ya mwanangu Hashili, mwaka jana,
kambare saba, wa kidole.
Nikaketi.
Mikono arobaini na mmoja juu. Thelathini na minane ikabaki mapajani.
Bi Somoe alikuwa akifunga upya khanga yake,
sikujua nimhesabu wapi.

Fundi Chilumba akaja na nondo kutoka Mnazi Mmoja,
akauliza pengo liwe la upana gani.
Karatasi ya vipimo ilikuwa imelowa, wino umetambaa.
Ofisa, kwenye simu inayokatikakatika, akasema, kama kalamu, isizidi kalamu.
Nikampa yangu.
Kila nondo aliipimia kwa kalamu ya hazina,
ikanirudia na masizi,
na bado inaandika.

Masika yakaleta majani, chupa, ndara moja ya mtoto;
chekeche likaziba, mashamba ya mkiani yakakauka,
na Nandonde akanipigia saa kumi na moja alfajiri
kunitukana kwa adabu.
Nikaongeza mstari ambao mfadhili hakuuwaza:
mwondoa majani, elfu tatu kwa siku.
Aliyeomba kazi ni Bi Somoe. Alikuja na reki yake.
Kuhusu ngazi, anasema alfajiri moja aliona mkunga,
mwembamba kama uzi wa kushonea gunia,
akipanda jiwe kwa jiwe.
Mimi sijaona. Siandiki nisichokiona.

Mwezi wa sita tukafunga lango.
Hashili akaenda na ndoo, kwa mazoea,
akarudi nayo ikining'inia kidoleni.
Nikafungua ukurasa mpya:
ndoo moja, tupu, imepokelewa.
Kisha nikatoa elfu mbili,
zangu, si za jumuiya,
nikamtuma gengeni akalete dagaa.